Chupa ya Chianti ilipofika Subukia

Juma hili nataka tuzungumze juu ya mvinyo mwekundu wa Kiitaliano na vyakula vinavyopatana nao. Nawaona baadhi yenu mmekwisha kunja uso. Sisi watu wa chai na githeri tuna habari gani na Italia? Basi nipeni nafasi nieleze jinsi chupa hiyo ilivyoingia nyumbani kwetu, na fadhaa iliyoingia nayo.

Kwetu ni Subukia, kilomita kama 40 kutoka mjini Nakuru ukifuata barabara ya Nyahururu. Ukishapita Bahati, barabara huteremka kwa makona hadi kwenye bonde la nyanya, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Wakatoliki wanapajua kwa sababu ya kituo cha hija cha Bikira Maria, ambako kila Oktoba waumini humiminika kutoka pembe zote za nchi kwa siku ya maombi ya kitaifa. Mama yangu hajakosa siku hiyo hata mara moja tangu nipate akili.

Desemba iliyopita mdogo wangu wa kike alirudi nyumbani baada ya kukaa Italia miaka mitatu. Kazi yake huko ni kumtunza bibi mmoja mzee katika mji wa Siena: kumwogesha, kumpikia, kumtembeza na kumkumbusha dawa. Alipofungua sanduku sebuleni tulikuwa tumemzunguka kama vifaranga. Baba akapata viatu, mama akapata sweta, watoto wakapata chokoleti. Kisha, kutoka katikati ya nguo zilizokunjwa vizuri, ikatoka chupa nyeusi yenye picha ya jogoo shingoni.

Mama aliishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya.

"Mama, hiyo ni zawadi ya nyumba nzima," mdogo wangu akasema. "Kule huliwa na nyama."

"Pombe huliwa?" mama akauliza. "Mimi nimeona pombe ikila watu."

Sebule yote ikanyamaza, kwa sababu kila mmoja alijua anamzungumzia nani. Kaka yetu wa pili alikuwa ameketi pale pale karibu na mlango. Kwa desturi yetu ya Kikuyu mtoto wa pili wa kiume hupewa jina la babake mama, na ndiyo sababu mama humwita "baba" mpaka leo. Huyu "baba" wa mama alikunywa miaka tisa. Aliuza ndama, akauza mabati yaliyokuwa ya kuezekea nyumba yake, na mkewe akarudi kwao mara mbili. Sasa ni miaka miwili na miezi kadhaa hajatia kitu mdomoni, na nyanya zake huondoka bondeni kwa pikapu kwenda soko la Nakuru. Tangu aache, familia ilikata shauri kwamba pombe haitavuka lango letu. Hata wageni wa ruracio ya binamu yetu walinywa soda, na wazee wawili wakaondoka wakinung'unika.

Mdogo wangu hakuwapo wakati wa kuacha. Alijua habari hiyo kwa simu tu, na habari ya simu haina uzito wa ile ya kuona. Akajitetea: "Lakini mama, hata padre hunywa divai kila asubuhi."

"Padre hunywa akiwa amesimama," mama akajibu, "na chupa hubaki sakristia."

Baba, ambaye maneno yake huhesabika, akasema chupa si mtu, ikae kabatini watu wafikirie. Mama akaificha nyuma ya kopo la sukari na ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso yake. Mimi, kwa kuwa ndimi niliyesomea uandishi na hudhaniwa najua kila kitu, nikatumwa nichunguze hicho kilichoingia nyumbani ni kitu gani hasa. Niliyoyakuta ndiyo haya.

Mvinyo ule unaitwa Chianti Classico, na hutamkwa "Kianti". Chianti ni jina la vilima vilivyo kati ya miji ya Firenze na Siena katika jimbo la Toscana. Ni jina la zamani. Mwaka 1716 mtawala wa Toscana, Cosimo wa Tatu wa ukoo wa Medici, alitoa amri ya kutaja mipaka ya mahali panaporuhusiwa kutumia jina hilo, ili mtu wa mbali asiuze maji yake ya zabibu kwa jina la wenzake. Mwaka 1872 Bettino Ricasoli, mwenye shamba aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Italia, aliandika kanuni yake ya kuchanganya zabibu, na ile iitwayo Sangiovese akaifanya ndiyo mama wa mchanganyiko. Siku hizi sheria inataka Chianti Classico uwe na Sangiovese angalau asilimia 80, na nguvu ya kileo isiyopungua asilimia 12. Kuna pia Chianti bila neno Classico, unaotoka katika eneo kubwa zaidi linalozunguka vilima vile, nao huwa mwepesi na wa bei nafuu. Wazee waliowahi kupita katika hoteli za zamani za Nairobi huenda wakakumbuka chupa ya tumbo la mviringo iliyovikwa kikapu cha majani. Hiyo nayo ilikuwa ya Chianti.

Jogoo je? Hapo baba alisogeza kiti. Husimuliwa kwamba Firenze na Siena zilipigania mpaka kwa miaka mingi hadi zikachoka. Zikakubaliana kila mji utoe mpanda farasi mmoja, aondoke jogoo akiwika, na watakapokutana ndipo pawe mpaka. Watu wa Siena wakachagua jogoo mweupe wakamlisha akanenepa. Wale wa Firenze wakachukua jogoo mweusi wakamfungia bila chakula. Siku ilipofika, yule mwenye njaa aliwika usiku wa manane, farasi wa Firenze akatoka, na wakakutana karibu kabisa na Siena. Ni hadithi tu, lakini wakulima wa Chianti Classico walipoungana mwaka 1924 kulinda jina lao, jogoo mweusi ndiye waliyemchagua kuwa alama. Baba alicheka mpaka akakohoa, na kwa siku mbili alikuwa akimsimulia kila aliyepita langoni.

Nisidanganye kwamba huku kwetu zabibu ni kitu kigeni kabisa. Mapadre wa Consolata kutoka Torino, Italia, walifika Tuthu, Murang'a, mwaka 1902, na divai ya misa, ambayo kwa sheria ya kanisa lazima itokane na zabibu tupu, imekuwa nchini tangu siku za namna hiyo. Ukiteremka Mai Mahiu utaona kanisa dogo kando ya barabara, lililojengwa mwaka 1942 na Waitaliano waliokuwa wafungwa wa vita wakitengeneza barabara ile. Naivasha mizabibu imepandwa tangu miaka ya 1980, na kutoka shamba la Morendat ukatoka mvinyo ulioitwa Leleshwa, jina la kile kichaka cha Bonde la Ufa. Tanzania nao wana zabibu zao za Dodoma. Sisi wenyewe tuna muratina, inayochachishwa kwa tunda la mti wa jina hilo pamoja na asali au maji ya miwa, nayo haikuwa kinywaji cha kila mtu wala cha kila siku. Ilikuwa ya wazee na shughuli zao. Kijana aliyeonekana amelewa alikuwa aibu ya ukoo.

Sasa tuje kwenye chakula, maana huu ni ukurasa wa jikoni na nisije nikafutwa kazi.

Siri yote ya mvinyo mwekundu na chakula unaijua tayari, ila hukujua kwamba unaijua. Chemsha chai ya rangi majani yakolee sana, unywe bila sukari. Ulimi unakauka, mashavu yanajikunja kana kwamba umeuma ndizi mbichi. Ule ndio ukakasi, na kinachouleta kinaitwa tanini. Sasa tia maziwa katika chai ile ile. Ukakasi unapungua, kwa sababu protini ya maziwa huishika tanini kabla haijakufikia ulimini. Zabibu nyekundu ina tanini katika ganda na mbegu zake, na Sangiovese inayo ya kutosha, tena ni chachu. Ukiunywa mtupu utasema umepewa dawa ya minyoo. Ukiunywa na nyama yenye mafuta, nyama hufanya ile kazi ya maziwa katika chai: unalainika, na uchachu wake nao unakata mafuta mdomoni ili tonge linalofuata liwe tamu kama la kwanza. Ndiyo sababu mdogo wangu alisema huliwa. Hakukosea hata kidogo.

Kwa hiyo cha kwanza ni nyama choma. Watu wa Toscana wana pande lao la ng'ombe lenye mfupa wa umbo la T, nene kama kitabu cha sala, wanalolichoma juu ya makaa na kuliita bistecca alla fiorentina. Hulila ndani likiwa bado jekundu, na hapo sisi tunaachana nao. Choma yako iive. Mbavu za mbuzi zilizochomwa polepole hadi mafuta yakadondoka, chumvi tu na labda rosemary kidogo kama unayo uani, hazina mpinzani. Mutura nao unapatana sana. Kule Siena wenyewe wana soseji ya damu waiitayo buristo, kwa hiyo mtu asitucheke.

Cha pili kitawashangaza. Ni maharagwe. Waitaliano wengine huwatania watu wa Toscana kwa kuwaita walaji maharagwe, nao hawakasiriki. Huyapika polepole na kuyamwagia mafuta ya zeituni. Githeri iliyokaangwa kwa kitunguu, nyanya na vipande vya nyama ya ng'ombe ingemfanya yule bibi wa Siena ajihisi yuko kwao. Na nyanya ni rafiki mkubwa wa mvinyo huu, kwa sababu vyote viwili ni vichachu na hakuna kinachomzidi mwenzake. Mvinyo usio na uchachu ukiuweka karibu na mchuzi wa nyanya huonekana kama maji. Bonde lenye nyanya nyingi kama Subukia halina haja ya kuomba ruhusa.

Halafu kuna maini ya kuku. Toscana huyakaanga na kitunguu, huyaponda na kuyapaka juu ya mkate uliochomwa, wakala kabla ya chakula chenyewe. Mama alipoelezwa hivyo aliuliza firigisi wanampa nani. Mdogo wangu akasema nayo husagwa humo humo. Mama alitikisa kichwa kwa huruma: nchi nzima isiyojua firigisi ni ya baba!

Kuna visivyopatana nao. Samaki ni wa kwanza, hasa mwenye mafuta: madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo mwekundu hukutana na mafuta ya samaki yakaacha ladha ya msumari mdomoni. Pilipili kali nayo ni ugomvi, maana kileo huchochea ule moto. Managu na mboga nyingine chungu huzidisha uchungu. Keki ya harusi ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu sukari ya keki huufanya mvinyo uonekane siki. Nimeona karamu mjini watu wakimiminiwa mvinyo mkavu mwekundu wakati wa kukata keki, nikawaona wakitabasamu kwa taabu. Mukimo haudhuru wala hausaidii.

Rudini nami sasa nyumbani, kwa sababu chupa bado iko nyuma ya kopo la sukari.

Siku ya nne kaka alinikuta nikikama ng'ombe. Alisimama akishika kamba ya ndama, akasema bila kunitazama, "Ile chupa ifunguliweni."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Najua iko wapi tangu usiku wa kwanza," akasema. "Mama anadhani ameificha. Nikilala naiona. Nikipita jikoni naiona. Inywewe siku watu wakiwa wengi, mimi nikiwapo, iishe, chupa ioshwe. Hiyo ya kufichwa ndiyo inayonisumbua."

Nilipomweleza mama alilia, kisha akatoa ufunguo. Tukapanga iwe tarehe 26, siku ambayo wajomba na shangazi hufika. Kaka mwenyewe akasema atachoma mbuzi, kwa kuwa mchoma nyama hushika kisu na koleo, na hakuna anayemwuliza kwa nini mkono wake hauna gilasi. Hilo lilinifundisha jambo ambalo sikulipata katika chuo chochote. Aliyeacha pombe msimketishe kando kama mgonjwa, wala msimsimamishe katikati na kumpongeza. Mpeni kazi.

Lakini siku yenyewe tulikosea, na kosa lilitoka jikoni. Mdogo wangu, kwa nia njema kabisa, aliamka mapema akafungua chupa. Kizibuo hakikuwapo kijiji kizima, kwa hiyo alizungusha skrubu ya mbao katika kizibo na kuivuta kwa pliazi ya baba, na hiyo ni njia nzuri kwa aliye mbali na mji. Kisha akachota kikombe kimoja akakitia katika sufuria ya nyama ya ng'ombe iliyokuwa ikichemka na nyanya, kama anavyofanya kule. Kaka akaingia kuchukua chumvi. Akasimama. Akanusa.

"Dada, kuna nini humu?"

"Kikombe kimoja tu. Moto umeshaimaliza."

Hapa, wasomaji, nitulize mwendo, kwa kuwa wapishi wengi husema hivyo na si kweli. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina vipimo vya jambo hili. Kileo kikitiwa katika chakula kinachochemka taratibu, baada ya dakika 15 bado kimebaki asilimia 40. Baada ya nusu saa ni 35. Baada ya saa nzima ni 25, yaani robo. Hata baada ya saa mbili na nusu bado kuna asilimia 5. Sufuria ile ilikuwa na dakika 20 tangu kikombe kiingie. Kweli, ukigawa kikombe kimoja kwa watu kumi na wanne hakuna atakayelewa. Lakini jibu la kaka ndilo lililotunyamazisha.

"Siogopi kulewa, dada. Naogopa kuikumbuka."

Mdogo wangu alifunika uso kwa kitambaa cha jikoni. Hakuna aliyemgombeza. Mama, ambaye angekuwa na haki ya kusema "niliwaambia", hakusema. Aliinama akachukua sufuria ya pili, akakata kitunguu, akabandika nyama nyingine bila mvinyo, na ya kwanza akaifunga kitambaa chekundu mpinioni ili isichanganywe. Watoto pia walipakuliwa kutoka ile ya pili, kama ilivyopasa tangu mwanzo. Hata wajomba, nao ni wanywaji, wengi walichota kutoka sufuria ya mama.

Tulikula saa nane. Mdogo wangu alikuwa ameweka chupa ndani ya ndoo ya maji ya kisima kwa robo saa, kwa sababu mvinyo mwekundu unataka ubaridi wa nyuzi kama 16 hadi 18. Wanaosema uachwe katika joto la sebule wanafikiria sebule za Ulaya zenye baridi. Jua la Desemba likipiga mabati yetu, mvinyo wa sebuleni huwa kama uji.

Chupa ina mililita 750, na baada ya kikombe cha sufuria hazikubaki gilasi nne kamili. Tuliigawa nusu nusu kwa watu saba, na ninawaomba mshike hesabu hii. Gilasi moja ya mililita 150 ya mvinyo wa nguvu ya asilimia 13 ina kileo karibu sawa na chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 4.2. Chupa nzima basi ni kama bia nne na nusu. Nasema hivi kwa sababu akina mama wengi huambiwa mvinyo ni "kinywaji cha wanawake", chepesi kama sharubati, wakanywa gilasi tatu kwenye sherehe na kuendesha gari. Na ile habari iliyotangazwa sana zamani, kwamba gilasi moja ya mvinyo mwekundu kila siku ni dawa ya moyo, isahauni. Mnamo Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha kileo kilicho salama kwa afya. Mama mjamzito asiguse kabisa. Anayemeza dawa amwulize mfamasia kwanza, hasa zile za metronidazole zinazotolewa sana kwa tumbo. Mtu anywe kwa sababu anaipenda ladha yake na nyama, kidogo, akijua anafanya nini. Asiinywe kama dawa.

Ladha yenyewe? Waitaliano husema Sangiovese ina ladha ya cheri. Mimi cheri mbichi sijawahi kula, kwa hiyo nitawaambia niliyoisikia: zambarau ambayo haijaiva vizuri, na kwa mbali kitu kama vumbi la mvua ya kwanza. Baba alionja akasema ni muratina iliyosahaulika ghalani. Mjomba mmoja aliomba soda achanganye, mdogo wangu akatishia kurudi Italia siku hiyo hiyo. Shangazi, ambaye hakutarajiwa, alikunywa fundo moja na ubavu wa mbuzi, akafumba macho, akasema, "Aka! Kumbe hii hunyamaza ikipewa nyama." Hakuna mtaalamu niliyemsoma aliyelisema vizuri kuliko yeye.

Nilimwuliza mdogo wangu baadaye kama kule Italia watu hawalewi. Alicheka. Alisema wapo walevi, tena mpwa wa bibi yake ni mmoja. Ila bibi mwenyewe ana miaka 86 na mezani kwake chupa hutoka pamoja na mkate na hurudi kabatini pamoja na sahani. Nusu gilasi, basi. Hajawahi kumwona akinywa akiwa amesimama au akiwa na huzuni.

Kama nyumbani kwenu kuna aliyeacha pombe, au anayetaka kuacha na hajui aanzie wapi, shirika la NACADA lina simu ya bure, 1192. Na kama mtu wenu ni kama kaka yetu, mwulizeni yeye kabla ya kuamua kwa niaba yake. Sisi tulidhani ufunguo kwenye leso ya mama unamlinda. Sisemi kila nyumba ifungue chupa. Angesema iondoke, ingeondoka, hata kama ingemwagwa shimoni na jogoo wake. Mama mpaka leo anaona ilikuwa hatari, na huenda yeye ndiye aliye na haki.

Kwa wale wasiogusa kileo, nao wengi wenu ndivyo mlivyo, mezani pa nyama choma panahitaji kitu kichachu, si soda tamu. Kaka hukamua ndimu mbili katika jagi la maji baridi, akaponda matunda ya damu mawili, akachuja, akatia chumvi kidogo sana badala ya sukari. Jagi hilo lilikwisha kabla ya chupa.

Na chupa, kama alivyoomba, ilioshwa siku hiyo hiyo. Mama aliisugua kwa maji moto na majivu mara tatu, akaianika juani juu ya uzio juma zima. Sasa ina asali. Jogoo hakubanduka, na watoto wa kaka wakitaka kupaka mkate asubuhi huomba waletewe "ya kuku".